Gauni jekundu la filamu ya Dracula: kwa nini nyuma hulegea, na namna ya kulishona lisimame

Swali: Mimi ni fundi wa magauni ya harusi mjini Tanga. Mteja wangu atapanda jukwaani katika tamthilia mwishoni mwa mwaka, na ameniletea picha ya gauni jekundu alilovaa Winona Ryder katika filamu ya Dracula ya mwaka 1992, lenye kiuno chembamba na mlima wa kitambaa nyuma. Nimeshona la majaribio kwa satini na kuliwekea gagulo la nyavu kama la bibi harusi, lakini nyuma linalegea na kuning'inia, na mbele linafura mahali ambapo kwenye picha ni bapa. Nianzie wapi? Ninunue mita ngapi? Na je, naruhusiwa kuweka zipu?

Jibu: Fundi mwenzangu, kasoro unayoieleza haitokani na mshono wako bali na gagulo. Gagulo la bibi harusi huitanua sketi pande zote sawasawa, ilhali gauni la aina hii hutaka mbele na ubavuni pawe bapa na ujazo wote usukumwe nyuma. Ukiongeza marinda juu ya gagulo hilo utaongeza uzito tu, na uzito huo ndio unaovuta nyuma kwenda chini. Umbo ulilolipenda kwenye picha limejengwa na nguo za ndani ambazo kamera haizionyeshi, na kwa hiyo jibu langu litakaa huko ndani kwa muda mrefu kabla ya kufika kwenye kitambaa chekundu.

Kwanza amua mwaka. Mavazi ya filamu hiyo, iliyoongozwa na Francis Ford Coppola, yalibuniwa na Eiko Ishioka wa Japani, ambaye alitunukiwa tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Hadithi yenyewe imewekwa mwaka 1897, lakini gauni jekundu lina umbo la miaka kumi na zaidi kabla ya hapo. Malkia Victoria alitawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901, na katika nusu ya pili ya utawala huo mtindo wa nyuma ya sketi ulibadilika upesi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860 hadi kama 1876 sketi ziliinuliwa nyuma kwa baseli, yaani kiunzi au mto unaofungwa kiunoni. Kisha baseli ikaachwa kwa miaka michache na magauni yakabana mwili hadi magotini. Halafu kuanzia kama 1883 ikarudi ikiwa kali zaidi, ikichomoza kutoka kiunoni karibu bapa kama rafu, mpaka ilipotoweka tena kuelekea 1890. Mwanamke wa London aliyefuata mitindo mwaka 1897 angevaa sketi laini ya vipande vilivyopanuka kuelekea chini, bila kiunzi chochote nyuma. Simsahihishi Ishioka, kwani mbunifu wa filamu huitumikia hadithi wala hafungwi na kalenda. Ninachosema ni kwamba wewe unayekata patani unahitaji mwaka mmoja wa kushika, la sivyo utachanganya mikono ya 1896 na sketi ya 1885 na hutajua kwa nini vinagombana. Kwa gauni hili shika kama 1885.

Mpangilio wa tabaka ni huu: shimizi ya pamba mwilini, koseti juu yake, yaani vazi la kubana kiuno lenye kamba na vijiti vigumu viitwavyo mifupa, kisha baseli, gagulo, sketi ya msingi, aproni, yaani kitambaa kinachotandazwa mbele ya sketi, na mapambo ya sketi, na mwisho kabisa bodi, yaani sehemu ya juu ya gauni. Ushone kwa mpangilio huohuo, kwa sababu kila tabaka hupimwa juu ya lile lililotangulia. Mafundi wengi huanza na bodi kwa kuwa ndiyo inayovutia, kisha hushangaa inapopanda mgongoni baada ya baseli kufungwa.

Koseti ya wakati huo ilishonwa kwa pamba nzito iliyofumwa kwa kubana sana, na mifupa yake ilikuwa ya chuma au ya zile bamba nyumbufu zinazotoka kinywani mwa nyangumi. Kwako drili nzito ya pamba isiyonyumbuka itafaa, ikatwe kwa kufuata uelekeo wa nyuzi za urefu bila kupotoka hata kidogo pale kiunoni. Weka chuma bapa pande zote mbili za matundu ya kamba nyuma. Kwenye mishono mingine unaweza kutumia ile mikanda ya plastiki ya kufungia nyaya, iliyo mipana, ukiikata na kuzilainisha ncha zake kwa moto au tupa. Acha nafasi ya kama sentimita 5 kati ya kingo mbili za nyuma ili kamba iwe na pa kuvuta. Mteja wako atazungumza kwa sauti jukwaani, pengine ataimba, kwa hiyo usimpunguze kiuno zaidi ya sentimita 4 au 5, na umpime akiwa amevuta pumzi hadi mwisho. Wateja huogopa koseti kuliko inavyostahili, na mafundi nao huikaza kuliko inavyohitajika. Wembamba wa kiuno katika picha ile hutokana kwa sehemu kubwa na upana uliowekwa chini yake, na baseli nzuri hupunguza kiuno machoni pa mtazamaji bila kumbana mtu yeyote.

Sasa baseli yenyewe, ambayo ndiyo kiini cha swali lako. Shona nusu sketi ya drili inayofunika nyuma tu, kutoka kiunoni hadi chini kidogo ya magoti, ikiwa na mkanda wa kufungia mbele. Juu yake shonea mifereji minne au mitano inayokwenda kutoka ubavu hadi ubavu, wa kwanza ukiwa sentimita chache chini ya kiuno, na ndani ya kila mfereji pitisha utepe wa chuma chenye kurudi. Usipopata chuma cha koseti madukani, ule utepe wa chuma unaofungia mizigo bandarini na maghalani hufanya kazi vizuri, mradi uzipige tupa kingo zake na uzifunge ncha kwa kitambaa kigumu ili zisitoboe. Mpaka hapo vyuma vitakaa bapa na hutaona umbo lolote. Umbo huja pale utakaposhonea, kwa upande wa ndani, tepe zinazounganisha ncha ya kushoto ya kila chuma na ile ya kulia, kisha ukazikaza: kila chuma kitajikunja kuwa nusu duara na kusukuma nyuma. Chuma cha juu kikazwe zaidi ili kichomoze ghafla, na vinavyofuata vipanuke taratibu kuelekea chini. Kwa kuwa tepe hizo hufungwa na kufunguliwa, unaweza kurekebisha ukubwa mteja akiwa amesimama mbele yako, na jambo hili litakuokoa siku ya mwisho ya kujaribisha.

Juu ya chuma cha kwanza, palepale kwenye mbonyeo wa kiuno, weka mto mdogo wa umbo la mwezi mwandamo. Wenzetu wa karne ile waliujaza manyoya ya farasi. Wewe uko Tanga, ujaze sufi, kwa maana ni nyepesi, hurudi ikibonyezwa, na haihifadhi joto kama sponji. Kisha juu ya kiunzi chote shona gagulo la bafta lenye safu za marinda upande wa nyuma pekee, utie wanga mzito na kulipiga pasi. Kazi yake ni kuficha mistari ya vyuma, kwa sababu bila gagulo hilo taa za jukwaani zitaonyesha kila chuma kama mbavu.

Ukiwa na tabaka hizo, mvalishe mdoli wa kupimia koseti na baseli za mteja, ukimjaza pamba panapopwaya, halafu upime tena urefu wa sketi. Hapa ndipo utakapogundua sababu ya pili ya gauni lako la majaribio kuharibika. Kutoka kiunoni hadi sakafuni mbele unaweza kupata, tuseme, sentimita 104, lakini nyuma futi kamba inapopanda juu ya baseli utapata 116 au hata 120. Tofauti hiyo lazima iongezwe juu, kwenye kiuno cha vipande vya nyuma, na si kwenye pindo. Fundi aliyekata vipande vyote kwa urefu mmoja atakuta pindo la nyuma limeinuka na visigino vinaonekana, na akijaribu kulishusha atauvuta mshono wa ubavuni mpaka mbele pafure. Mfuro wako wa mbele, kwa jinsi ulivyoueleza, nadhani umetoka huko kwa kiasi fulani.

Sketi ya msingi huwa na kipande kimoja cha mbele chembamba juu na kipana chini, vipande viwili vya ubavuni kila upande, na nyuma kipande kimoja au viwili vilivyonyooka, ambavyo upana wao wote hukusanywa kwa marinda madogo hadi ubaki kama sentimita 20 au 25 kiunoni. Mzunguko wa pindo ukiwa mita 2.4 hivi unatosha, kwa kuwa sketi za 1885 zilikuwa nyembamba chini kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya mishono ya ubavuni, chini ya baseli, shonea jozi mbili za tepe na uzifunge nyuma ya miguu ya mvaaji, jozi moja usawa wa mapaja na nyingine karibu na magoti. Tepe hizi huvuta mbele pawe bapa na kuuzuia ujazo wa nyuma usihamie ubavuni mvaaji anapogeuka. Ukitaka kupima faida yake, zifungue kisha mwambie mteja atembee.

Sketi hii ya msingi haihitaji kuwa ya kitambaa ghali. Mafundi wa enzi ile waliikata kwa kitambaa cha bitana, wakaweka kitambaa cha thamani pale tu patakapoonekana, na hakuna sababu ya sisi kuwazidi kwa ubadhirifu. Aproni ya mbele na fungu la nyuma hutandazwa juu yake mdoli ukiwa umesimama, kwa pini na kwa macho, wala usitafute patani ya kukuongoza sentimita kwa sentimita. Kwa aproni chukua kipande kipana kuliko sketi, ukikunje kwa mikunjo inayoelekea juu kwenye mishono ya ubavuni, na uiache mikunjo hiyo itofautiane kidogo, maana iliyolingana sana huonekana kama pazia. Kwa fungu la nyuma chukua kipande chenye urefu kama mara mbili ya ule unaotaka ubaki, ukiinue kwa tepe zilizoshonewa ndani kwa wima, na kila unapokusanya ushikize kwenye sketi ya msingi ili mzigo ubebwe na sketi hiyo na si na uzi mmoja. Nyavu zako ngumu za bibi harusi hazitapotea bure: zikunje vibaya kwa makusudi na uzisokomeze ndani ya fungu hilo, zitalishikilia lisilale.

Kuhusu kitambaa, iache satini. Satini nyepesi ya poliesta huteleza, mikunjo yake hukosa kingo, na chini ya taa hung'aa mahali ulipotaka kivuli. Tafuta tafeta, ambayo ina ukakamavu wake na hushika mkunjo ilipowekwa. Ya hariri ni bora, lakini kwa jukwaa tafeta nzuri ya poliesta isiyong'aa sana itapita. Muuzaji akikuapia kwamba ni hariri, choma nyuzi chache: hariri hunuka kama nywele zinazoungua na kuacha majivu yanayosagika vidoleni, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Rangi nayo ichaguliwe kwa makini. Wekundu mkali haukuwa ugeni miaka ya 1880, kwani tangu William Perkin alipotengeneza rangi yake ya zambarau mwaka 1856 viwanda vya Ulaya vilikuwa vimemwaga sokoni rangi za kemikali za kila aina, zikiwemo nyekundu. Hata hivyo, nyekundu inayopendeza dukani mchana inaweza kugeuka kuwa ya chungwa au kahawia chini ya taa za ukumbi, basi peleka kipande cha sampuli ukumbini kabla ya kununua jora. Mimi ningechukua nyekundu mbili, moja ya gauni na moja nzito zaidi ya kuweka ndani ya marinda na chini ya fungu la nyuma, ili mikunjo ionekane kuwa na kina hata kwa aliyeketi nyuma kabisa.

Kwa kitambaa cha upana wa sentimita 140, kadiria mita 11 za tafeta kwa gauni lisilo na mkia wa kuburuta: kama 3.5 kwa sehemu za sketi zinazoonekana, 4 kwa aproni na fungu la nyuma, 2 kwa bodi, na kama 1.5 kwa marinda ya pindo. Hesabu ya marinda nakuonyesha kwa sababu ndiyo inayowashinda wengi. Marinda ya kupigwa pasi yanayogusana hula mara tatu ya urefu wake, kwa hiyo pindo la mita 2.4 huhitaji utepe wa mita 7.2, kila ukanda unaokatwa kwa upana wa kitambaa hutoa kama mita 1.37 baada ya mishono, ndiyo kusema kanda sita. Na ukitaka marinda ya kina cha sentimita 20, pamoja na mapindo kila ukanda utakuwa sentimita 23, jumla sentimita 138. Ongeza mita 7 za pamba ya bitana, 3 za drili, na 4 za bafta kwa gagulo. Usisahau marekani, yaani pamba isiyopaushwa, ya kushonea bodi ya majaribio, kwani bodi hii haikatwi kwa kubahatisha.

Bodi ya 1885 hukaa mwilini kwa sababu ya wingi wa vipande vyake. Kila upande wa mbele una dati mbili ndefu, yaani mikunjo iliyoshonwa ili kitambaa kifuate mwili, kisha kuna kipande cha ubavuni, kipande cha ubavuni nyuma, na kipande chembamba cha katikati ya mgongo, na mshono wa bega umerudishwa nyuma kuliko tulivyozoea leo. Shona ya marekani, mvalishe mteja juu ya koseti, ibane kwa pini hadi kusiwe na mkunjo hata mmoja wa kulala, kisha uifumue na kuitumia kama patani. Usishone bitana kama mfuko wa pekee unavyofanya kwenye magauni ya harusi. Kila kipande cha tafeta kilaze juu ya pacha wake wa bitana, uvipige bandi pamoja pembezoni, na kuanzia hapo uvishone kama kitambaa kimoja. Ndivyo tafeta inavyopata nguvu ya pamba na kuacha kuvutika kwenye mishono. Acha sentimita 2 hadi 2.5 za mshono, ziwekee vijipengo pale kiunoni ili zisivute, na uzizungushie uzi kwa mkono. Juu ya mishono na dati shonea mifereji ya mifupa inayoanzia chini ya kiuno na kuishia chini kidogo ya kifua, kwa sababu mfupa unaopanda hadi juu utaisukuma tafeta na kuonyesha ncha yake.

Halafu kuna utepe wa kiuno, kitu kidogo ambacho nisingekubali bodi itoke karakanani bila hicho. Ni utepe imara wa upana wa sentimita 2 au 3, unaoshikizwa ndani kwenye mishono ya nyuma na ubavuni tu, na kufungwa mbele kwa kulabu kabla bodi yenyewe haijafungwa. Huo ndio unaoizuia bodi isipande mvaaji anapoinua mikono. Kwa bodi ya usiku yenye shingo iliyo wazi, kama hii, utepe huo pia huzuia kifua kisishuke, na mteja hatakuwa na haja ya kujivuta-vuta jukwaani. Mikono mifupi ya gauni la usiku haina mambo mengi. Angalia tu kwapa lisikatwe chini sana, kwa maana kwapa la chini huinua bodi nzima, na weka ndani yake vipande vya pamba vya kunyonya jasho vinavyotolewa na kufuliwa, kwa kuwa gauni lenyewe halitaingia majini kamwe.

Kuhusu zipu, zipu za nguo hazikuwapo wakati huo. Bodi zilifungwa kwa vishikizo au kulabu mbele, na za usiku mara nyingi kwa kamba nyuma. Kwa jukwaa ningechagua kamba, si kwa ajili ya historia bali kwa sababu kamba husamehe mwili uliobadilika kidogo kati ya leo na usiku wa onyesho, na zipu haisamehi. Matundu ya kamba kwenye tafeta yashonwe pembezoni kwa uzi hata kama umeweka ringi za chuma, maana ringi peke yake hung'oka. Kama mwigizaji atabadilisha nguo kwa haraka katikati ya onyesho, basi weka zipu imara chini ya ukingo wenye kamba za kupamba na usijisikie vibaya. Cherehani nayo isikutie wasiwasi, kwa kuwa kufikia miaka ya 1880 mashine za Singer na za kampuni nyingine zilikuwa zimeenea majumbani na karakanani Ulaya na Marekani, na mishono mirefu ya magauni hayo ilipita humo. Kazi ya mkono ilibaki kwenye mapambo, mapindo na kumalizia kingo za ndani.

Kabla ya kumaliza pindo, mwite mteja avae kila tabaka pamoja na viatu vyenyewe atakavyovaa jukwaani. Mkalishe kwenye stuli, si kwenye kiti chenye mikono, na uangalie kama vyuma vya baseli vinakunjamana kuelekea juu na kurudi anaposimama. Visiporudi, legeza tepe za ndani za vyuma viwili vya chini. Apande na kushuka ngazi za ukumbi, azunguke, ainue mikono. Baada ya hapo ndipo upime pindo kutoka sakafuni, mbele likiwa juu ya sakafu kwa sentimita 3 au 4 na nyuma likishuka kidogo, na ulishonee kwa ndani ukanda wa pamba ngumu wa upana wa sentimita 15, ambao utaifanya sketi isimame mbali na miguu na utabadilishwa utakapochakaa.